Kabla ya Kufungua Kabureta

Mwaloni Nkome, wilayani Geita, injini ya mtumbwi ikigoma hukumu hutoka kabla fundi hajafika: kabureta. Ikikohoa, kabureta. Ikinywa mafuta kuliko wiki iliyopita, kabureta. Ikizima katikati ya maji na wavuvi wakarudi kwa kupiga makafi, hapo mjadala ndio hauna nafasi kabisa. Kabureta inashushwa, inafunguliwa juu ya gunia, inasuguliwa kwa mswaki, inarudishwa, fundi analipwa. Kesho yake usiku injini inazima tena palepale. Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi, na ninachoweza kusema ni kwamba kabureta nyingi zilizowekwa mbele yangu zilikuwa nzima. Zile zilizokuwa mbovu kweli, nyingi zilikuwa zimeharibiwa na kitu kingine: mafuta, mpira, tenki, au mkono wa fundi aliyetangulia.

Sikuanzia ziwani. Mimi ni wa Shinyanga, mji wa baiskeli. Kabla bodaboda hazijatuvamia, abiria wa Shinyanga na Kahama alibebwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, na baiskeli hizo tuliziita daladala. Mzee aliyenifundisha kazi alianza kwa kunyoosha spoku na kuziba pancha, akahamia kwenye pikipiki, kisha, kama mafundi wengi wa rika lake, akaifuata dhahabu. Mtu wa mbali akisikia dhahabu ya kwetu hufikiria mgodi mkubwa wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000, au Bulyanhulu ulioanza kuzalisha mwaka 2001 upande wa Kahama. Huko fundi wa gunia hana kazi. Riziki yetu ilikuwa kwa wachimbaji wadogo, Nyarugusu, Lwamgasa, Mgusu, ambako ukichimba duara kwa kina cha kutosha utakutana na maji, na maji hayatoki bila pampu.

Pampu ikizima mgodini, maji yanapanda, wachimbaji wanatoka shimoni, na mwenye duara anaanza kuhesabu hasara yake kwa sauti. Presha hiyo ndiyo inayozaa mafundi wa haraka. Mzee wangu alikuwa mzito. Akifika kwenye pampu iliyogoma aliomba kwanza mahali pa kukaa, halafu akauliza. Imezima ghafla au ilikufa polepole? Ilitoa moshi? Wa rangi gani? Nani aliishika jana? Vijana walikereka.

“Baba, fungua kabureta tuendelee na kazi.”

“Kabureta haikimbii, mwanangu. Niambie kwanza mafuta mmenunua kwa nani.”

Nilidhani ni uzee. Baadaye nikaona kwamba mara nyingi aliinuka pale alipokaa akiwa ameshajua tatizo, na spana haijatoka mfukoni. Lwamgasa, pampu nyingi zilizoshutumiwa kabureta zilikuwa na filta ya hewa iliyojaa vumbi jekundu. Injini ikinyimwa hewa hunywa petroli kuliko inayoweza kuchoma. Moshi unakuwa mweusi, plagi inajaa masizi, nguvu inapungua. Ukiifungua kabureta hiyo utaikuta safi, utaisafisha hivyo hivyo ili ulipwe, na pampu itaendelea kutoa moshi. Filta ukiikung'uta na kuiosha, kesi imekwisha. Vumbi lenyewe linatoka barabarani na kwenye makarasha yanayosaga mawe mchana kutwa. (Makarasha mengi tuliyoyahudumia yalikuwa ya dizeli, hayana kabureta kabisa, na nadhani ndiyo maana mzee aliyapenda.)

Kuna jambo jingine nililolikuta kwenye pampu za mgodini na baadaye kwenye injini za mitumbwi, ambalo mafundi wa kanda yetu hawalisemi sana. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Shinyanga iko karibu na kimo hicho hicho. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Jeti anayoiweka mtengenezaji kiwandani, yaani kijitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta, kwa kawaida imepimwa kwa hewa ya pwani. Ikiletwa kwetu, petroli inayopita kwenye tundu ni karibu ile ile, ila hewa ya kuichoma imepungua. Kwa hiyo injini mpya kabisa, isiyo na ugonjwa wowote, inaweza kuwa na plagi nyeusi kidogo na nguvu pungufu kidogo. Tajiri aliyeona injini ya namna hiyo ikikata maji Bagamoyo atasema ameuziwa mbovu. Fundi asiyejua habari ya kimo atakubaliana naye, atachukua bisibisi, na kuanzia hapo injini haitapumzika. Panapohitajika, dawa ipo: jeti yenye tundu dogo zaidi, ya namba iliyotajwa na mtengenezaji kwa kimo hicho. Injini nyingi hazihitaji hata hiyo.

Mzee alipoacha kazi nilihamia Nkome. Pale hupakiwa watu na mizigo ya kwenda visiwani, Izumacheli na Kome, na dagaa na sangara hushushwa asubuhi. Injini nilizozikuta nyingi zilikuwa Yamaha za tu-stroki: ya nguvu farasi 15 kwa mtumbwi wa kawaida, ya 25 na ya 40 kwa mitumbwi mikubwa. Kampuni hiyo ya Japani ilitoa injini yake ya kwanza ya mtumbwi mwaka 1960. Wazo la kuning'iniza injini nyuma ya chombo liliingia sokoni kwa nguvu kupitia Ole Evinrude, Mnorwei aliyeishi Milwaukee, Marekani, mwaka 1909. Kabureta yenyewe ni ya zamani zaidi. Mjerumani Wilhelm Maybach aliunda kabureta ya kunyunyiza mwaka 1893, na nina hakika leo angefika Nkome angeitambua hii yetu bila kuuliza. Magari yameiacha, mitumbwi bado, na kuna sababu ya maana: inafunguliwa kwa bisibisi, haitaki kompyuta.

Kwa asiyewahi kuifungua, habari yake ni fupi. Chini kuna bakuli dogo la mafuta. Ndani ya bakuli kuna boya linalofanya kazi sawasawa na lile la tenki la choo: mafuta yakipanda, boya linasukuma sindano na kuziba njia, yakishuka, sindano inaachia. Juu ya bakuli kuna koo jembamba ambamo hewa hupita kwa kasi, na kasi hiyo huyavuta mafuta kutoka bakulini kupitia jeti, vijitundu vya shaba vilivyotobolewa kwa kipimo. Jeti ndogo huilisha injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma taratibu bila kuvutwa, jeti kubwa huilisha ikivutwa. Hapo ndipo penye kipimo cha kwanza cha fundi, na hakitaki kufungua chochote. Injini isiyokaa sailensa lakini ukiivuta inakimbia vizuri, mashaka yako kwenye jeti ndogo na njia zake. Inayokaa sailensa vizuri halafu inazimia ikivutwa, mashaka yako kwenye jeti kubwa, au, mara nyingi zaidi, kwenye safari ya mafuta kabla hayajafika kwenye kabureta. Inayodondosha petroli kooni, angalia sindano na boya. Boya lililotoboka limejaa mafuta na halielei tena.

Choki nayo inasema. Injini inakohoa ziwani, unavuta choki nusu, inapata nafuu: ina njaa ya mafuta. Unavuta choki inazidi kuugua: imeshiba kupita kiasi. Mvuvi anaweza kujua hilo akiwa ameketi kwenye mtumbwi gizani, bila taa.

Tu-stroki ina hatari moja ambayo pampu za mgodini, zilizokuwa foo-stroki, hazikuwa nayo. Oili ya kulainisha pistoni haikai chini ya injini. Inakuja imechanganywa na petroli. Jeti ikiziba nusu, injini inakosa mafuta na papo hapo inakosa oili. Joto linapanda, pistoni inavimba, injini inakamata. Kwa hiyo mvuvi anayesema “inakohoa kidogo tu, tutamaliza msimu” anahatarisha pistoni, ringi na silinda kwa ajili ya tundu lisiloonekana vizuri kwa macho. Na kuongeza oili kwa kukisia hakuokoi. Mchanganyiko wa moja kwa hamsini, unaotakiwa na injini nyingi, kwenye dumu la lita 20 ni mililita 400 za oili. Ukimimina mpaka roho itulie, plagi zinalowa na kuota masizi, na, jambo ambalo watu hushangaa kulisikia, petroli inayopita kwenye jeti inapungua kwa kuwa nafasi yake imechukuliwa na oili. Nimeona fundi akisafisha kabureta ya mtu huyo huyo kila mara, wakati kikombe cha kupimia kingemaliza shida.

Kazi yangu Nkome ilifuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa; zamani karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola. Mbalamwezi ikiwaka sawasawa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, watu wanashona nyavu na wengine wanakwenda kusalimia nyumbani. Giza likirudi, asubuhi ya kwanza kibanda changu kilikuwa na foleni. Injini zilikuwa zimekaa juani na mafuta kwenye bakuli la kabureta. Petroli inaruka, oili na uchafu vinabaki, na mwezi baada ya mwezi utando unajengeka mpaka sindano inanata na jeti ndogo inaziba. Hiyo ni kabureta mbovu kweli, naikubali. Lakini dawa yake haipo kwa fundi. Siku ya mwisho kabla ya kupumzika, chomoa mpira wa mafuta, acha injini iungurume hadi izime yenyewe kwa kukosa mafuta, kisha legeza boliti ya chini ya bakuli na umwage mabaki. Niliwaambia wateja wangu wote. Wachache waliofanya nikawapoteza kama wateja wa asubuhi hiyo, na sikujuta sana.

Kesi iliyonifanya nibadili namna ya kutoza ilikuwa ya mama mmoja mwenye mitumbwi ya dagaa, mtu mzima, aliyesikilizwa mwaloni kuliko mwenyekiti. Injini yake ya 40 ilikuwa inawaka kwa mvuto wa kwanza, sailensa imetulia, ukiivuta ufukweni inanguruma. Ikifika mbali, mwendo mkali, inazimia. Wanaiacha ipumzike kidogo, inawaka tena, inakwenda, inazimia. Nahodha alisema inachoka. Mafundi walikuwa wameshapita kwenye kabureta mmoja baada ya mwingine. Mmoja alibadilisha gasketi, mwingine alikaza skrubu ya sailensa, wa tatu akailegeza. Kila mmoja aliiwasha kwenye pipa la maji, ikaunguruma, akalipwa, akaondoka.

Pipa la maji ni zuri kwa kupoza injini na baya kwa kutafuta ugonjwa wa aina hii. Kwenye pipa injini haina mzigo, hainywi mafuta kwa kasi ile ya ziwani. Nikamwambia mama kwamba siigusi mpaka nitoke nayo. Alinitazama kwa muda.

“Fundi, unataka kutembezwa ziwani kwa mafuta yangu?”

“Mama, inaumwa kule. Huku haiumwi.”

Tukatoka mchana, kuelekea Kome. Nahodha aliivuta yote. Mimi macho yangu sikuyaweka kwenye injini. Niliyaweka kwenye ile pampu ya mkono, puto la mpira lililo katikati ya mpira wa mafuta, ambalo wavuvi hulibinya kabla ya kuwasha. Baada ya kitambo likaanza kusinyaa. Injini ikalegea. Nikafungua mfuniko wa tenki, maana tundu la hewa la tenki likizibwa mafuta hayatoki, na vijana wengi hulikaza makusudi ili petroli isimwagike mtumbwi ukiyumba. Puto halikubadilika. Nikalibinya puto, injini ikashtuka, ikaenda kidogo, ikazimia tena, puto limelala bapa.

Puto lililosinyaa lina maana moja: mbele kuna kinachovuta, nyuma kuna kinachozuia. Lingekuwa laini na halijai hata ukilibinya mara nyingi, ningetafuta mahali panapoingiza hewa, kwenye kiungio au kwenye vali zake. Lingekuwa limejaa na injini bado ina njaa, ningekwenda kwenye pampu ya mafuta ya injini na kuangalia kiwambo chake, halafu ndiyo kabureta. Lakini hili lilikuwa bapa. Tatizo lilikuwa kati ya tenki na puto, na katikati hapo hakuna kitu ila mpira.

Kwa nje mpira ulikuwa mzuri, unang'aa. Tuliporudi nikaupasua kwa kisu kwa urefu. Ndani utando ulikuwa umebanduka na kufanya ulimi. Mafuta yakienda polepole ulimi unalala. Yakivutwa kwa kasi unainuka na kuziba njia. Injini ikizima, mvuto unakwisha, ulimi unalala tena, mafuta yanapita, na nahodha anasema imepumzika. Huo haukuwa mpira wa mafuta. Ulikuwa mpira wa kawaida unaouzwa kwa mita, wa bei nafuu, na petroli ilikuwa imeulainisha kutoka ndani.

Tuliweka mpira wa mafuta wa kweli. Kisha nikairudia kabureta, maana sasa ilikuwa na ugonjwa wa kweli, ule ulioletwa na matabibu. Skrubu ya sailensa ilikuwa imezungushwa na kila mtu na hakuna aliyekumbuka ilikokuwa. Jeti kubwa ilikuwa imezibuliwa kwa uzi wa breki ya baiskeli.

Hapa nisimame kidogo, kwa kuwa hilo la waya linaniudhi kuliko yote. Jeti ni ya shaba, laini. Uzi wa breki ni chuma. Ukipitisha chuma kwenye tundu lililopimwa kwa sehemu za milimita, umelipanua, na hakuna wa kulirudisha. Injini itakunywa petroli tangu siku hiyo, na tajiri atasema injini imezeeka. Jeti isafishwe kwa petroli safi na upepo wa kompresa, na fundi pancha yupo kila mahali. Ikigoma, tumia kipande cha uzi wa nailoni wa mshipi, ambao ni laini kuliko shaba. Nyavu za uzi wa namna hiyo, timba, zimepigwa marufuku nchini kwa kumaliza samaki. Kipande cha kidole kimoja cha kuzibulia jeti hakijamkera afisa uvuvi yeyote. Na kabla ya kuigusa skrubu yoyote, ikaze taratibu mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, uandike kwa chaki kwenye mfuniko wa injini. Fundi anayesema anakumbuka kichwani usimwamini, hata akiwa ni mimi.

Mama yule alikuja jioni kuulizia gharama. Nikamtajia bei ya mpira, ya jeti mpya, na ya kazi.

“Ya kazi gani? Mpira hata kijana wangu angeuvisha.”

“Angeuvisha, mama. Lakini nani angemwambia kwamba ni mpira?”

Alilipa, huku akinung'unika, na nilimwelewa. Ameshawalipa watu kufungua kitu. Sasa anadaiwa na mtu wa kutazama. Biashara yetu imejengwa hivyo. Fundi akikuambia legeza mfuniko wa tenki, utamshukuru na kwenda zako. Akishusha kabureta, akaitandaza vipande vipande juu ya gunia mbele ya macho yako, unaona kazi, unatoa hela. Basi fundi mwenye njaa atashusha kabureta. Sioni kwamba mafundi wa mialoni ni wezi. Wanauza kile ambacho wateja wanakubali kukinunua. Tangu siku hiyo nikaanza kutoza ukaguzi peke yake, bei inajulikana, nifungue nisifungue. Wengine walinicheka kwamba nauza macho.

Baada ya hapo kesi nyingi zilikwisha kwenye chupa. Hii ni chupa ya maji ya kunywa, angavu, ambayo naijaza mafuta ya mteja kutoka chini ya tenki na kuiacha mezani wakati tunasalimiana. Petroli ni nyepesi kuliko maji. Kama maji yapo yanashuka chini na mstari unaonekana wazi. Marekani, ambako petroli nyingi huchanganywa na ethanoli asilimia 10, wenye boti hulalamika kwamba ethanoli inavuta unyevu na kuleta maji kwenye kabureta. Sisi hatuna haja ya kufika huko. Maji yetu yanaingia na dumu lililooshwa ziwani likajazwa mafuta kabla halijakauka, na mvua, na mawimbi, na kipande cha kanga kinachotumika kuchujia ambacho kinaacha nyuzi na kupitisha maji. Tone moja la maji likilala chini ya bakuli la kabureta, mbele ya jeti kubwa, injini inashtuka na kuzima kwa namna ambayo fundi anaweza kuitafuta wiki nzima.

Mafuta ya taa ni habari nyingine. Wakati yalipokuwa nafuu kuliko petroli, uchakachuaji ulikuwa biashara kubwa nchini. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ikaanzisha vinasaba vya kutambua mafuta mwaka 2010, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuua faida hiyo. Hali ilitengemaa kwenye vituo. Mwaloni na migodini, ambako petroli inafika kwa pikipiki na kuuzwa kwa chupa, kila mtu amwangalie aliyemuuzia. Dondosha tone la petroli kwenye karatasi kabla hujachanganya oili: safi inaruka na kuacha karatasi kavu, iliyotiwa mafuta ya taa inaacha doa la mafuta.

Na kama mafuta ni safi, tundu la tenki liko wazi, puto linajaa, bado kuna plagi. Injini yetu ya 15 ina silinda mbili na kabureta moja inayozilisha zote. Ikimisi silinda moja tu, plagi moja imelowa na nyingine ni ya kahawia nzuri, kabureta haiwezi kuwa mshtakiwa wa kwanza. Isingeweza kumnyima mmoja na kumlisha mwingine kutoka koo lile lile. Nenda kwenye plagi, waya, koili. Badilisha plagi nafasi, uone kama ugonjwa unahama nayo.

Mgodini fundi wa haraka alimgharimu mwenye duara siku moja ya kazi. Ziwani ni tofauti. Dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hupiga usiku na alfajiri, saa zile zile ambazo mitumbwi ya dagaa iko nje, na mtumbwi usio na injini hauwezi kugeuza kichwa kuyakabili mawimbi. Watu wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kukumbushwa maana ya maji. Tuna MV Bukoba ya 1996 na MV Nyerere ya 2018, na hizo zilikuwa meli na kivuko. Mitumbwi haiandikwi magazetini.

Wenye mitumbwi, naomba mlipe ukaguzi. Mkubali kwamba fundi aliyekaa na kuuliza amefanya kazi, na mpeni hela yake hata kama hakuchafua mikono. Nunueni mpira wa mafuta, msinunue mpira wa maji. Wekeni makafi na maboya ya kujiokolea chomboni hata injini ikiwa mpya. Vyuo vya ufundi na vya uvuvi navyo vishuke mialoni kwa kozi fupi, wakati wa mbalamwezi, vijana wakiwa hawana kazi. Vijana wanaozibua jeti kwa nyaya si wajinga, hawajaonyeshwa tu.

Kwenye kibanda changu sheria ni moja. Kabureta iliyoletwa mkononi, bila injini yake, bila mpira wake, bila tenki na mafuta yaliyokuwemo ilipozima, siipokei.